Mrututu unaua mwani, lakini sumu inabaki

Kwa aliyeuliza kama mrututu (salfeti ya shaba) unatosha kusafisha ziwa la maji ya kunywa lililojaa mwani: unaua, ndiyo, na hapo ndipo balaa linapoanza. Ule utando wa kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika kwa kawaida ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoitwa pia mwani wa buluu-kijani, na sumu yao, hasa mikrosistini, nyingi imo ndani ya seli. Ukiziua kwa mkupuo zinapasuka na kuiachia majini. Klorini ikitiwa mapema mno hufanya vivyo hivyo. Kwenye mtambo wa kusafisha maji toeni kwanza seli zikiwa nzima, kwa shabu na kuchuja, ndipo sumu iliyobaki ikabiliwe kwa mkaa ulioamilishwa (mkaa uliotayarishwa maalumu kunasa uchafu) na klorini ya mwisho.

Na jamani, kuchemsha hakusaidii! Maji yanapungua, sumu iko palepale. Toledo, Marekani, Agosti 2014, watu zaidi ya 400,000 walikatazwa kunywa maji ya bomba, hata yaliyochemshwa.

Ziwani kwenyewe dawa ni kubana fosforasi, chakula cha mwani, inakotoka: mbolea inayosombwa na mvua, samadi, majitaka. Msitarajie matokeo ya haraka, maana tope la chini lina akiba ya miaka mingi na huirudisha majini oksijeni ikiisha huko. Kwa sasa, kama mnara wa kuvutia maji una milango ya vina tofauti, vuteni chini ya tabaka la mwani. Ila pimeni kila kina kwanza. Aina nyingine za sianobakteria hukaa chini zaidi, si juu ya maji.