Pete ya karati 18 kuwa nyeusi kwenye moto sio lazima umepigwa

Mdau umesema pete ya mchumba wako umeiwashia kiberiti cha gesi ikawa nyeusi, na watu washakujibu "umepigwa hiyo, dhahabu haiogopi moto". Ngoja kwanza. Mimi nipo kwenye meza ya usonara hapa Mwanza mwaka wa kumi na moja, pete nyeusi naziona kila siku na nyingi nazitia weusi mwenyewe.

Kwanza chukua kitambaa kibichi uifute. Weusi ukitoka kirahisi ni masizi ya kiberiti tu, umejipa presha bure.

Usipotoka bado sio kesi. Dhahabu yenyewe kweli haina habari na moto, inayeyuka kwenye nyuzi 1064, ikipoa inarudi njano vilevile. Ila karati 18 maana yake 18 kati ya 24, asilimia 75, hiyo 25 iliyobaki kwa kawaida ni fedha na shaba, na shaba ikipata moto inashikana na hewa inatoa huo weusi. Sisi tukishalehemu tunaitumbukiza kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa sana, ikiwa vuguvugu, dakika chache tu imetakata.

Na hapo kwenye asidi nilishalia siku moja, mwaka wa kwanza kabisa. Nimetoa pete ya mteja kwa koleo la chuma imekuja ya pinki, pinki kabisa kama waya wa umeme uliochunwa, nikajua nimeyeyusha dhahabu ya watu. Mzee wangu akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe ile asidi tumeitumia wiki kadhaa imejaa shaba, chuma kikiingia tu shaba inatoka majini inaenda kuganda juu ya pete. Tukaisugua ikarudi, na koleo la chuma kwenye lile bakuli sijaingiza tena.

Sasa wanaosema "idondoshee nitriki", yaani asidi ya nitriki. Nitriki inakula shaba na fedha, dhahabu haigusi, ndo maana shaba ya njano ukiidondoshea inachemka povu la kijani na karati 18 inakaa kimya. Lakini kuna mama alileta bangili, tone la juu kimya kabisa, nikapiga tupa kidogo kwa ndani nikadondosha tena, kijani hiyoo. Ilikuwa imepakwa tu, tena imepakwa nene. Kwahiyo bila kukwaruza hujapima kitu.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kusafisha dhahabu, yaani kuitenga na madini mengine yaliyochanganywa humo. Ukitaka kuitoa fedha kwenye dhahabu kwa nitriki inabidi kwanza uichafue, unayeyusha na fedha nyingine mpaka dhahabu ibaki kama robo hivi, maana dhahabu ikiwa nyingi inaikinga fedha na asidi haipenyi ndani. Ukishachemsha unabaki unga wa kahawia kama kahawa ya kusaga, na hapo mteja mgeni anaanza kukuangalia vibaya, dhahabu yangu iko wapi, mpaka uyeyushe aone njano yake. Yale maji hatumwagi, ukitia chumvi ya mezani fedha inashuka nyeupe kama mtindi.

Inayoyeyusha dhahabu yenyewe ni mchanganyiko, asidi ya nitriki sehemu moja kwa asidi ya hidrokloriki sehemu tatu, wenyewe wanaita maji ya mfalme. Hiyo nakuomba usiijaribu nyumbani hata kidogo. Ule moshi wa kahawia unauvuta mchana unajiona mzima, usiku mapafu yanajaa maji. Nitriki peke yake ikila shaba inatoa moshi huohuo, kwahiyo na ya kudondosha waachie wenye nayo.

Wewe ipeleke kwa sonara, mwambie aichore kwenye jiwe la kupimia mbele yako, mstari mdogo tu, adondoshe asidi ya kupimia karati 18 juu ya ule mstari muangalie wote. Ukififia au ukipotea basi haifiki 18. Akisema anaingia nayo ndani mara moja, chukua pete yako uondoke.

Halafu hujasema, ulivyoichoma ilikuwa na jiwe? Kama ni zumaridi au lulu tupia picha hapa kabla hujaenda popote.