Dawa ya kibofu imenikausha mdomo, niiache?

SWALI: Mwanangu mfamasia, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 68. Nilikuwa nabanwa na mkojo ghafla, kwenye daladala nashuka kabla ya kituo changu. Daktari akaniandikia oksibutinini, miligramu 5 mara tatu kwa siku. Mkojo umetulia, ila mdomo umekauka hadi andazi halishuki bila chai ya rangi, na choo ni kigumu. Binti yangu analalamika nasahausahau. Juzi nimetia chumvi kwenye chai ya wageni. Usiku nameza Piriton kwa ajili ya mafua ya vumbi. Niache dawa?
Mama K., Tanga

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Usiiache kimyakimya, ila rudi kwa daktari wiki hii. Mdomo mkavu ni kero; huko kusahau ndiko kulikonishtua.

Oksibutinini huzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli wa kibofu ubane. Sasa kemikali hiyohiyo ndiyo inayotoa mate, inayosukuma choo, na ubongo nao unaitegemea katika kukumbuka. Dawa haichagui pa kuzuia. Halafu Piriton nayo ina tabia hiyohiyo! Watu huinunua kama peremende, wala hawaitaji wakiulizwa wanatumia dawa gani. Kwa umri wako, hizo mbili pamoja ni mzigo. Muulize daktari kuhusu loratadini, dawa ya mzio ambayo haina sana tabia hiyo, kwa mafua hayo.

Dozi yako pia naiona kubwa. Wazee kwa kawaida huanzishiwa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Daktari anaweza kuipunguza, au akakuhamishia mirabegroni, ambayo hupita njia nyingine na haikaushi mdomo kiasi hicho. Hiyo huweza kupandisha presha, kwa hiyo upimwe kwanza. Si kila duka linayo, na bei yake inauma.

Chai ya rangi ina kafeini, nayo huchokoza kibofu. Andazi lishushie maji. Tena usijinyime maji kwa kuogopa mkojo, choo kitazidi kuwa kigumu. Na kwa joto la Tanga ujihadhari zaidi, kwani oksibutinini hupunguza jasho.

Mkojo ukigoma kabisa kutoka, au jicho likiuma ghafla na kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama hukupimwa mkojo na sukari kabla ya kuanza dawa, omba upimwe. Beba paketi zote unazotumia, na Piriton ikiwemo, umwekee daktari mezani.