Atachimenti kwa wakaguzi wa hesabu

SWALI: Mhariri, nasomea uhasibu, mwaka wa tatu. Nimepata atachimenti ya miezi mitatu katika ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu, Barabara ya Nkrumah. Watanipa kazi gani? (Mwanafunzi, Kisauni)

JIBU: Wiki za kwanza ni risiti tu, mwanangu: kuzipanga kwa tarehe na kuzitia namba. Kisha utapewa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na hapo ndipo wengi hukwama. Tia tiki kwa penseli kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili; kinachobaki aghalabu ni ada za benki au hundi ambazo hazijapita. Tofauti ikigawika kwa 9, shuku tarakimu zilizopinduka: 5,400 ikiandikwa 4,500, hesabu hupishana kwa 900. Ikigawika kwa 2, tafuta nusu yake. Huenda imeingizwa upande usio wake.

Kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, bei ya shilingi 11,600 iliyokwisha kujumlishwa ushuru ina 1,600 ndani yake, si 1,856. Gawa kwa 116, zidisha kwa 16. Mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hivyo ruhusa usiombe tarehe 19! Na karatasi za mteja usizipige picha kwa simu yako.