Kubadili aina inayorudishwa unapoandika upya methodi

Ndugu, umeuliza kwa nini kompaila ya Java (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inakubali methodi zaa() ya klasi Paka irudishe Paka, ilhali ile ya klasi mama Mnyama, ambayo Paka anairithi na kuiandika upya, inarudisha Mnyama, halafu inagoma ulipobadili long kuwa int (zote ni aina za namba nzima) kwenye umri().

Hiyo ya kwanza ni halali tangu Java 5 ya mwaka 2004. Kila Paka ni Mnyama, kwa hiyo anayeita zaa() akitarajia Mnyama hapunjwi kitu. Geuza mambo, zaa() ya Paka irudishe Object, klasi ambayo klasi zote za Java huirithi, uone itakavyokataliwa: mwitaji aliahidiwa Mnyama, sasa anapewa chochote tu.

Kwa int na long, usijisumbue. Ni kweli int huingia kwenye kigeu cha long bila kelele, ila hizo si klasi, wala moja hairithi nyingine. Aina za msingi kama hizo lazima zifanane kabisa. Rudisha long, yaishe.

Na weka alama ya @Override juu ya kila methodi unayoandika upya. Haibadilishi sheria hii, lakini ukikosea jina au vigezo, kompaila itakuambia papo hapo badala ya kukuachia methodi mpya isiyoitwa na yeyote.