Musawo mpya, huyo si mkaidi

Juzi nimemsikia tena musawo mgeni, yaani mhudumu wa afya, akimwambia afande wa zamu kuhusu mfungwa mgonjwa, "Huyo anaigiza tu." Wadogo zangu, mmesomea Butabika, hospitali yetu kuu ya magonjwa ya akili hapa Uganda, mmefaulu, mnanipa raha. Mbona mkishavuka geti la gereza mnaisahau Artane, dawa ya kuondoa madhara ya dawa za akili, kama shingo kupinda?

1. Hesabu ya jioni. Wafungwa wanachuchumaa kwa safu, kimya, hadi idadi itimie. Sasa mtu umempa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, naye miguu haimtulii, kama ina siafu ndani. Anainuka, anakanyagakanyaga, anachuchumaa, anainuka tena. Hesabu inavurugika, inarudiwa, na katikkiro, mfungwa anayewaongoza wenzake wodini, anamtuliza kwa njia anazozijua yeye. Punguza dozi, propranolol nayo ipo ya kuituliza hiyo miguu.

Mimi nilifanya kinyume. Niliambiwa mgonjwa wangu mmoja, kijana, bado msumbufu, nikaongeza haloperidol. Usumbufu ukazidi, nikaongeza tena, nikaandika kwenye faili kwamba dawa haimshiki. Kumbe dawa ilikuwa imemshika barabara. Usiku mmoja shingo ikampinda, macho yakageukia juu, ulimi ukamtoka. Wafungwa wa wodi yake wakasema pepo, na mmoja wao akampiga ili pepo limtoke. Asubuhi nilimkuta na jino limevunjika, shingo bado imepinda. Artane ilikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo nimeenda nao nyumbani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama leo pia nitamchoma sindano.

2. Kila anayeingia muulize alikuwa anameza dawa gani kabla ya kukamatwa. Wa kifafa msimcheleweshe hata siku moja.

3. Mwenye majeraha asihojiwe mbele ya katikkiro. Ila katikkiro msimdharau: anajua nani hapati usingizi, nani ameacha kula, nani anagawa nguo zake. Mwulizeni peke yake.

4. Wanaosubiri amri ya waziri ya kuamua hatima yao, wale walioonekana mahakamani kwamba walitenda wakiwa wagonjwa wa akili. Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu kule Fort Portal alisema amri hiyo ni ya mahakama kutoa, si ya kumngoja waziri. Kwa hiyo aliyepona mwandikie ripoti, usisubiri kuombwa. Nilikuwa na mzee mmoja wa aina hiyo, amepona zamani, anafagia kliniki yangu. Huyo alikuwa akiniita dirishani, "Musawo, yule wa wodi ya pili shingo imeanza," kabla mwanafunzi yeyote hajaona kitu. Ripoti yake niliikawiza kwa sababu, nitasema kweli, kliniki ilikuwa inamhitaji.