NAS yangu inazimika ghafla na UPS ninayo. Tatizo ni nini?

Swali: Habari za kazi fundi. Napiga picha za harusi hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Picha za wateja naziweka kwenye NAS ya diski mbili (kile kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani), nimeichomeka kwenye UPS, yaani boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ya ukubwa wa VA 650. Umeme ukikatika usiku UPS inalia karibu nusu saa, kisha kimya. Ukirudi, NAS inasema ilizimwa vibaya na inakagua diski mpaka asubuhi. Ninunue UPS kubwa zaidi?

Jibu: Njema ndugu yangu, na pole sana, maana picha za harusi za watu hazipigwi mara mbili. Hela ya UPS kubwa itulize kwanza. UPS yako inafanya kazi. Shida ni kwamba NAS haina habari kuwa umeme umekatika. Inaendelea kuandika mafaili kama kawaida hadi betri inapoisha, na data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda haifiki kwenye diski. UPS kubwa itachelewesha tu balaa hilo.

Igeuze UPS utazame nyuma. Karibu na soketi za umeme tafuta tundu la data. Kwenye baadhi ya UPS ni USB ya mraba kama ya printa, kwenye nyingine linafanana na tundu la waya wa intaneti, lakini usichomeke waya wa ruta hapo. Lina waya wake. Waya huo huja ndani ya boksi, aghalabu kwenye kimfuko cha nailoni pamoja na kitabu cha maelekezo, na wengi huuacha humohumo. Upande wa pili unaingia kwenye USB ya NAS. Kama UPS haina tundu la data, basi badilisha, ila sababu iwe tundu, si ukubwa. Kabla ya kulipa, angalia orodha ya UPS zinazokubaliana na NAS yako kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya NAS na uwashe huduma ya UPS. Synology, QNAP na TrueNAS zote zinayo. Utaulizwa isubiri muda gani kabla ya kujizima. Wengi huchagua isubiri hadi betri ikaribie kuisha. Nakuomba uweke dakika 5. Betri ya asidi iliyomo humo huchukua saa kadhaa kujaa tena, na umeme una tabia ya kurudi, kisha kukatika tena baada ya dakika kumi. Kama uliikausha betri mara ya kwanza, NAS itakuwa imewaka tena na haina kinga yoyote. Ikijizima dakika ya 5, akiba bado ipo. Wala si suala la umeme kukatika mtaani tu: uniti za LUKU zikiisha saa nane usiku mmelala, kwa NAS ni yaleyale.

Sababu nyingine ni kwamba betri kuukuu husema uongo. Niliwahi kukuta UPS inaonyesha asilimia 100, nikazima soketi ukutani, ikadumu dakika 2. Betri hizi hupimwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza uhai wake takriban nusu. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba, usiifungie UPS ndani ya kabati la runinga, na futa vumbi kwenye matundu ya hewa. Betri ikivimba, itoe siku hiyohiyo.

Kisha jaribu. Subiri NAS isiwe na kazi, zima soketi ya UPS ukutani, shika saa. Dakika ya 5 ikipita uione inafunga huduma zake na kuzima taratibu, na kumbukumbu za mfumo ziandike hivyo. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Kabla ya jaribio la kwanza, nakili picha zote kwenye diski ya tatu ya nje. Diski mbili za NAS, kama zimepangwa kunakiliana, zinakukinga moja ikifa, lakini faili likiharibika linaharibika kwenye zote mbili. Hiyo ya tatu kaiweke kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.