Nyuki waliotua kwenye mwembe
Mkuu umeuliza kama uwapulizie dawa hao nyuki, usiwapulizie, hilo kundi kwenye mwembe wako liko safarini, limetua kupumzika huku wachache wanazunguka kutafuta pa kuhamia, na hapo hawana watoto wala asali ya kulinda ndo maana wanakuwa wapole kidogo (kidogo tu, nyuki wetu hawa usiwazoee). Mara nyingi siku moja mbili wanasepa wenyewe. Ukitaka kuwafuga tundika mzinga mtupu, paka nta iliyoyeyushwa kwenye zile mbao za juu kwa ndani, mi nimekulia Sikonge kule Tabora, babu alikuwa anafanya hivyo tu wanaingia wenyewe. Ila usiuweke karibu na nyumba, wakishajenga masega ukali unarudi, mbuzi aliyefungwa kamba hachomoki.